Mafundo Manene ya Malkia

Kila Jumamosi asubuhi Malkia alifagia sebule. Alifagia katikati tu, penye kuonekana, na takataka za pembeni akazisukuma chini ya mkeka. Jina hilo la Malkia alipewa na wenzake darasani kwa kumdhihaki, naye akalipokea kama haki yake.

"Umemaliza?" mama yake aliuliza Jumamosi moja kutoka jikoni.

"Zamani, mama!"

Akatoka mbio. Siku hiyo darasa lao lilikwenda kutafuta hazina katika bustani ya kiwanda cha zamani cha nguo. Mashine zilikuwa zimenyamaza miaka mingi, nyingine zimewekwa katikati ya maua ili watu wazitazame. Hazina ilikuwa ufunguo wa chumba cha kengele, ile iliyowaita wafanyakazi kwenye zamu. Ambaye angeupata ndiye angeipiga kengele. Malkia alikuwa amekwisha kuwaambia majirani watege masikio.

Mtunza bustani alikuwa bibi aliyefuma nguo humo miaka thelathini. Aliwakalisha wote kwenye nyasi.

"Vituo ni vitano. Kila kituo kina fumbo na uzi wa rangi yake. Uchukue uzi, uuunge na ule ulionao kwa fundo la mfumaji. Tazameni mikono yangu."

Malkia akabetua midomo. "Tumekuja kutafuta hazina au kushona viraka?" alimnong'oneza jirani yake. "Kufunga uzi! Hata anayefunga mbuzi anajua."

Wengine wakacheka. Msichana mmoja waliyemwita Konokono hakucheka. Aliinama, akafunga, akafungua, akafunga tena.

"We Konokono, hazina itaota kutu ikikungoja!"

Akili Mungu alimpa Malkia, hilo tusimnyime. Alifumbua mafumbo upesi: pampu, mizani, bomba la moshi na mengine. Kila alipofika alipiga fundo nene la kamba ya viatu, akakimbia. Akawa wa kwanza kurudi.

Bibi alimwonyesha bamba la chuma lililotolewa kwenye mashine, lenye tundu dogo. "Pitisha uzi wako humu. Ukipita wote, ufunguo ni wako."

Fundo la kwanza likakwama. Malkia akalilowesha mate, akavuta kwa nguvu. Uzi ukakatika.

"Uzi wenyewe umeoza!"

"Umeoza kwako tu?" Bibi akauliza, akaenda kumwagilia maua.

Konokono akafika, akaweka uzi wake kwenye benchi, akaenda bombani kunywa maji. Malkia akautwaa. Ukateleza tunduni wote, rangi tano, bila kugusa popote.

"Nimepita, Bibi! Njoo uone!"

Bibi akarudi. Akautazama uzi, akamtazama yeye. "Vizuri. Nifungie fundo jingine kama haya."

Malkia akafunga lilelile la kamba ya viatu. Konokono alikuwa amesimama nyuma yake, maji yakimchuruzika kidevuni.

"Bibi, huo ni..."

"Najua ni wa nani, mjukuu wangu. Mikono ya huyu imemsema." Akampa Konokono ufunguo.

"Lakini ni fundo tu!" Malkia alilia.

"Fundo tu! Hapa likikwama fundo nene, uzi unakatika, mashine inasimama, na watu wanakungoja wewe uliyeiona kazi ndogo. Wajuaji kama wewe niliwaona wengi, na mwezi hawakumaliza. Ulidharau kujifunza, ukaona afadhali kuiba. Mwombe mwenzako radhi, kisha ukae hapo. Huondoki mpaka fundo lako lipite."

Akaomba radhi. Kengele ikalia mji mzima akiwa bado kwenye benchi, vidole vikimuuma. Fundo lake lilipita mara ya kumi na tisa.

Njiani majirani walimpigia makofi. "Hongera, Malkia! Tumekusikia!"

Alitamani kunyamaza apite. Akasimama. "Si mimi. Aliyepiga ni mwenzangu. Alifanya kazi kunishinda."

Nyumbani alikwenda moja kwa moja sebuleni, akainua mkeka, akashika ufagio.

"Si ulisema umemaliza?" mama yake akauliza mlangoni.

"Nilikudanganya, mama."

"Nilijua tangu asubuhi. Kazi ya kuficha, mwanangu, utaifanya mara mbili, na mara ya pili watu wanakutazama. Haya, usisahau na pembeni."