Pikipiki ya Kwenda Mitundu

Mwalimu Andrea anaishi Mandewa, mjini Singida, pamoja na mke wake Agripina. Kila siku ya kazi huenda Ilongero kufundisha. Asubuhi huwasha pikipiki yake ndogo, jioni hurudi nayo. Kwa safari hiyo, pikipiki ilimtosha.

Safari ya Mitundu ndiyo iliyomshinda. Mitundu ni mbali, mbele ya Itigi. Huko anaishi Magdalena, mama yake Agripina. Ni mzee, na macho yake yameanza kuona giza. Mume wake alifariki mwaka jana.

Siku ya msiba, Andrea na Agripina walitoka Singida alfajiri kwa pikipiki. Walikuwa wawili, na mzigo nyuma. Kwenye lami injini ililia sana lakini nguvu haikuwepo. Malori yaliwapita kwa kasi, na upepo wake ukawasukuma pembeni. Karibu na Mkiwa injini ilipata moto, ikazima. Walikaa pale muda mrefu. Walipofika Mitundu, watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini.

Agripina hakumlaumu mumewe. Lakini tangu siku ile hakuipanda tena pikipiki hiyo.

Siku moja Andrea alirudi nyumbani amechangamka.

"Mama Witness, nimepata dawa ya safari," alimwambia mkewe, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Kwa Stefano kuna pikipiki kubwa. Yetu ni cc 125. Ile ni cc 1,200."

Namba hiyo huonyesha ukubwa wa injini. Injini aliyoiona Andrea ilikuwa karibu mara kumi ya ile yake.

"Umeiendesha?" Agripina aliuliza.

"Nimeitazama."

"Basi kabla ya kununua, twende na dada Aneth. Yeye anazijua."

Aneth ni jirani yao. Kwa miaka kumi na minane alibeba sampuli za damu kwa pikipiki, kutoka zahanati za vijijini hadi hospitali. Sasa anafundisha watu kuendesha.

Jumamosi walikwenda wote watatu kwa Stefano, muuzaji wa pikipiki zilizotumika. Ile kubwa ilikuwa imesimama mbele, inang'aa. Aneth hakuigusa kwanza. Alimgeukia Andrea.

"Mwalimu, unataka pikipiki ya safari gani?"

"Ya Mitundu."

"Mtakwenda mara ngapi?"

"Mara moja kwa mwezi, Mungu akipenda."

"Na siku nyingine?"

"Ilongero, kama kawaida."

"Basi utaipanda kwenda Ilongero siku ishirini, na Mitundu siku mbili. Lazima ikufae kote. Haya, kaa juu yake."

Andrea alikaa. Vidole vya miguu tu ndivyo vilivyogusa chini.

"Ukisimama kwenye mchanga, mkeo akiwa nyuma, utaizuia kwa vidole?" Aneth aliuliza. Kisha akamwomba Stefano ruhusa. Walitandika magunia ya mashudu ya alizeti yaliyokuwa pembeni, wakailaza pikipiki juu yake taratibu.

"Sasa iinue," Aneth alisema.

Andrea alishika usukani akavuta. Pikipiki haikutikisika. Aneth alimwonyesha njia nzuri zaidi: kugeuza mgongo, kuuegemeza kwenye kiti, kushika vizuri, halafu kusukuma kwa miguu. Andrea alijaribu mara tatu. Iliinuka kidogo, ikarudi chini. Jasho lilimtoka. Hakutaka kumtazama mkewe.

"Hata mimi siwezi kuinua hiyo," Aneth alisema. "Siyo aibu. Lakini fikiria imewaangukia porini, na hakuna mtu wa kuwasaidia."

Andrea alikaa kwenye gunia. Alisema kwa sauti ndogo, "Nilitaka tusichelewe tena. Nilidhani kubwa kuliko zote ndiyo itatufikisha."

Agripina alikaa karibu naye. "Baba Witness, najua. Mimi nataka kumwona mama tu. Siangalii ukubwa."

Stefano aliwaonyesha nyingine, ya cc 400. Haikuwa inang'aa kama ile ya kwanza. Andrea alipokaa, nyayo zote mbili zilikanyaga chini. Walipoilaza, aliiinua kwa mgongo na miguu, ikasimama.

"Injini hii ni zaidi ya mara tatu ya yako," Aneth alieleza. "Inabeba watu wawili na mzigo bila kuchoka. Na mafuta ya kwenda Ilongero hayatakuumiza."

Kisha aliikagua polepole. Alitazama tairi, mnyororo na breki. Alichungulia kama oili inavuja. Aliwasha injini ikiwa ya baridi, akaisikiliza. Alilinganisha namba za kwenye kadi ya pikipiki na zile zilizogongwa kwenye chuma chake. Agripina naye alipanda nyuma, akaona kiti kinamtosha na pa kuweka miguu papo.

"Spea je?" Aneth alimwuliza Stefano.

"Za breki na klachi zipo hapa mjini. Nyingine naagiza Arusha, zinachukua siku tatu hivi."

"Na wewe mwalimu, leseni yako inaruhusu injini hii?"

Andrea hakujua. Jumatatu alikwenda kuuliza, akaambiwa aongeze daraja la leseni. Waliinunua, na Andrea akaongeza daraja hilo kabla ya kuipanda barabarani. Aneth alimfundisha kwenye uwanja kwa wiki mbili. Alijifunza kufunga breki zote mbili pamoja, kwanza akiwa peke yake, kisha na Agripina, mwisho na mzigo. Walinunua kofia ngumu mbili, na viatu vinavyofunika kifundo cha mguu.

Mwezi uliofuata walikwenda Mitundu. Kila baada ya saa moja walisimama kunywa maji na kunyoosha miguu. Lori lilipowapita, pikipiki ilitulia. Kwenye mchanga Andrea alipunguza mwendo, na hawakuanguka. Jua lilikuwa bado halijafika utosini walipoingia uani.

"Shikamoo mama," Agripina alisema.

"Marahaba. Ni Agripina?" Mama Magdalena alimpapasa uso, mabega, mpaka mikono. Uso ulikuwa na vumbi. "Umekuja kuzika nani?"

"Hakuna msiba, mama. Tumekuja kukusalimu."

Wakalala siku moja. Mwezi uliofuata walikwenda tena, na uliofuata huo pia.

Zamani, mama Magdalena alikuwa akimfungashia mgeni anayeondoka kila alichokuwa nacho: mtama, karanga, kuku, asali yote ya ndani, kwa kuwa hakujua kama wataonana tena. Safari ya tatu alileta chupa moja ndogo ya asali, akamwekea Agripina mkononi.

"Nyingine ipo ndani," alisema. "Mtachukua mkija."