Mkono Chini ya Sweta

Kijijini Itumbe jua likiwaka, watu huvua sweta. Nyakerario hakuvua yake. Ilikuwa ya mumewe, pana, na mkono wake wa kushoto ulikuwa ndani, umefungwa kifuani kwa leso. Alikaa mlangoni akichambua mboga za managu kwa mkono mmoja.

"Mama, joto lote hili!" alisema binti yake, Lavender. "Vua sweta."

"Niache. Nasikia baridi."

Uongo mtupu! Jasho lilikuwa likimtiririka. Aliona aibu, basi.

Mwezi uliopita madaktari walimwekea betri ya moyo. Ni kimashine kidogo, kinakaa chini ya ngozi, kifuani karibu na bega. Moyo wake ulikuwa ukipiga polepole mno, hata akaanguka shambani kwenye chai. Sasa haanguki tena. Walimwambia asiinue kiwiko kupita bega kwa wiki kadhaa. Yeye akaona heri aufunge mkono wote, usitikisike kabisa.

Halafu sufuria ya Nyanchera, mwenzake wa kanisani, ikapotea huko kanisani, ile kubwa ya kupikia wageni siku ya Sabato. Nyanchera naye ana mdomo, we acha tu! Alisimama mbele ya kina mama akasema, "Mkono uliochukua sufuria yangu, uvimbe!"

Juma hilo hilo mkono wa Nyakerario ukavimba.

Hakuchukua sufuria. Hata kijiko cha mtu hakuwahi kuchukua. Lakini nani angeamini? Wakiuona mkono huu, aliwaza, nitaitwa mwizi mpaka kaburini. Akaacha kwenda kanisani. Kila asubuhi aliukanda kwa maji moto, akausugua, akaufunga tena. Ukazidi kuwa mzito. Vidole vikakataa kukunjika.

Lavender hakuwa mjinga. Alimwita Anyiko, muuguzi wa zahanati, jirani yao aliyetoka upande wa ziwani. Anyiko alikuja. Nyuma yake akaja Nyanchera na ndizi mbivu, kumjulia mgonjwa hali.

"Anyiko aingie," alisema Nyakerario. "Yule mwingine abaki nje!"

"Mama Duke! Nimekukosea nini?" Nyanchera alikuwa ameshaingia, akimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza.

Anyiko aliinua sweta taratibu, akafungua leso. Mkono ulikuwa umejaa, rangi imebadilika. Mishipa ya kifuani upande ule ilikuwa imejitokeza. Nyakerario akafunika uso.

"Sikuchukua sufuria yako," alisema, akalia. "Naapa sikuchukua."

Nyanchera akaziweka ndizi chini.

"Najua," alisema kwa sauti ndogo. "Sufuria iko kwangu. Mzee wangu aliichukua akaipeleka soko la Daraja Mbili kuzibwa tundu, akasahau kuniambia. Imerudi tangu juzi. Niliona haya kusema."

"Ninyi wawili!" alisema Anyiko. "Mficha uchi hazai. Sufuria na mkono huu havijuani kabisa. Betri ina waya. Waya umepita ndani ya mshipa wa damu mpaka moyoni. Mara nyingine damu huganda hapo, njia ikaziba. Damu ya mkono inakosa pa kurudi, mkono unavimba."

"Kumbe si laana?"

"Ni damu, mama. Lakini ni hatari. Kipande kikimeguka kikaenda mapafuni, utakosa pumzi. Usiukande, usiusugue, usiufunge. Twende hospitali leo, si kesho."

Nyakerario hakuinuka. Njia ya hospitali ilipita kituo cha chai, na saa hiyo kina mama wote walikuwa pale wakipimiwa majani. "Wataniona," alisema.

"Wacha wakuone," alisema Nyanchera. "Nitatangulia mimi."

Na kweli alitangulia. Pale kituoni alipaza sauti, uso ukimuwaka kwa aibu. "Kina mama! Sufuria iko kwangu! Hakuna aliyeiba. Mama Duke ni mgonjwa, na mimi nilisema vibaya!" Vikapu vilitulia. Nyakerario akapita, kichwa juu, mkono nje.

Hospitalini walipiga picha ya mishipa ya mkono. Damu ilikuwa imeganda kweli. Alipewa dawa ya kuizuia isizidi kuganda, anywe bila kuruka siku. Daktari alimfundisha kukunja vidole na kiwiko polepole, asiufunge mkono tena. Akamwonya: ukikosa pumzi, ukitokwa damu ovyo, au kidonda cha betri kikiwa chekundu au kutoa usaha, rudi upesi. Mkono ulipungua kidogo kidogo.

Sabato moja akaenda kanisani na gauni la mikono mifupi. Sufuria ilikuwa jikoni, imejaa maharagwe. Alishika sikio moja kwa mkono wa kulia, Nyanchera akashika la pili.

"Leo unamwapiza nani?" aliuliza Nyakerario.

"Mdomo wangu," alisema Nyanchera. "Uvimbe!"

"Yaya, hapana! Ukivimba, usiufiche. Tutakupeleka hospitali."