Deodata Alipanda Basi Gani?

Stendi ya Nyakanazi ilikuwa imefurika. Malori ya Rusumo yalijipanga hadi kituo cha mafuta, na wauza mahindi ya kuchoma walikimbilia kila basi lililosimama. Swabaha alikuwa amekuja kutoka Ngara kuchukua vitenge vya duka la baba yake. Alivaa dera la zambarau na mtandio mweupe ambao vumbi lilishaugeuza rangi. Vitenge alivipata. Daftari lake la hadithi ndilo hakuliona.

Alirudi mbio ofisi ya tiketi. Wakala, kijana aliyevaa shati la bluu lililonyooshwa vizuri, alikuwa akilisoma.

"Kaka, hilo langu!"

"Subiri kidogo, dada. Deodata anafungasha nguo."

"Nipe!"

Akampa. "Samahani. Lakini inaishaje?"

"Sijui."

"Si wewe unayetunga?"

"Ni mimi. Na bado sijui."

Kijana akacheka mpaka abiria wakageuka. Alijiita Taufiki. Swabaha alipoondoka, namba yake ya simu ilikuwa imebaki kwa Taufiki, na hata yeye hakuelewa ameitoaje.

Tangu hapo simu ililia kila asubuhi, baada ya swala, kabla duka halijafunguliwa.

"Mwandishi wangu, umeandika?"

"Mistari mitatu. Nimefuta miwili."

"Basi unao mmoja. Jana hukuwa na hata huo."

Hivyo ndivyo kitabu kilivyokwenda, ukurasa kwa ukurasa, mwaka mzima. Siku ambazo Deodata aligoma kusema neno, Swabaha aliandika tu jinsi jiko la Deodata lilivyofuka moshi, mpaka maneno yakaja. Kila alipofuata mzigo Nyakanazi, Taufiki alimnunulia chai ya maziwa na kumtania kwa vidole vyake vyenye wino.

Siku moja akamwambia kwenye simu, "Mpenzi, nimtume mjomba kwa baba yako?"

"Acha kwanza nimalize kitabu," Swabaha akajibu.

Alimaliza mwezi wa sita, akampelekea nakala. Kwenye ukurasa wa mwisho Deodata amesimama njia panda na sanduku lake. Basi moja linarudi kwa mumewe, jingine linaelekea Mwanza. Yote mawili yanaunguruma. Hadithi inakomea hapo.

Taufiki alipiga jioni ile ile.

"Alipanda lipi?"

"Kila msomaji ataamua."

"Miezi miwili nasubiri jibu lako, Swabaha. Kumbe ndilo hili."

"Hicho ni kitabu, Taufiki!"

"Umekiandika wewe."

Akakata. Asubuhi simu haikulia, wala iliyofuata. Alipompigia hakupokea.

Swabaha aliendelea kuamka. Siku ya kwanza hakuandika kitu. Siku ya pili akajaribu kumpandisha Deodata kwenye basi la mumewe, ili Taufiki aridhike. Akasoma, akaona mwanamke asiyemjua, akachana karatasi. Wiki ya pili, bila kuulizwa na mtu, aliandika ukurasa mzima wa hadithi mpya, ya mjane anayelima mihogo Kibimba. Ulipojaa, alijua kwamba kuandika anaweza hata akiwa peke yake. Alijua pia kwamba anamkumbuka Taufiki.

Jumanne akavaa gauni la kijani, akapanda gari la Nyakanazi bila kuwa na mzigo wa kufuata.

Taufiki alimwona akashusha kalamu. "Karibu, Bi Swabaha. Tiketi ya wapi?"

"Nimekuja kukujibu."

"Umebadilisha mwisho?"

"Sijabadilisha, na sitabadilisha. Deodata sijui alikwenda wapi, na nikidanganya kwamba najua, kitabu kitakufa." "Lakini wewe nilikukosea. Uliniuliza swali, nikajificha nyuma ya kitabu. Niliogopa nikiolewa nitaacha kuandika."

"Na mimi nimekosea. Nilitafuta jibu langu kwa Deodata, wala simjui." Taufiki akainama kwenye kidirisha. "Asubuhi zako sitazigusa. Nani kakwambia nitakuachisha?"

"Hakuna. Nilitunga mwenyewe."

Abiria mmoja nyuma akaguna kwamba anachelewa Kahama.

"Basi sema haraka," Taufiki akanong'ona, "watu wanataka tiketi."

"Mtume mjomba Ijumaa," alisema Swabaha. "Baba atakuwepo nyumbani baada ya swala, na mimi nitapika pilau."