Muhuri Uliokaa Jikoni

Watu wa Malaba, na nyinyi wa Busia mnaojifanya mambo haya hayawahusu, sogeeni niwaeleze yaliyoipata nyumba moja. Nawaeleza nikiwa nimeinamisha kichwa. Nyumba hiyo ilikuwa jirani yangu, na kila asubuhi harufu ya maini yakikaangwa ilivuka ua ikatufikia sote. Tuliisifu, tukasema huyo bwana anajua kutunza familia.

Ilikuwa miaka ya tisini. Asubuhi malori yalikuwa yamepanga foleni hadi mpakani, madereva wakinawa uso kwenye madebe, akina mama wakiwauzia uji, na vijana wa baiskeli wakipiga kengele kutafuta abiria wa kuvusha. Ndani ya ua wake Amondi alikuwa akifagia huku akiimba wimbo wa kanisani. Mumewe, Onyuka, alikuwa mkaguzi wa nyama. Kazi yake ilikuwa kufika machinjioni alfajiri, kumtazama ng'ombe angali hai, kuchunguza moyo na maini akishachinjwa, kisha kuigonga nyama muhuri wa rangi ya zambarau. Nyama isiyo na muhuri haikuruhusiwa kuning'inia buchani.

Msidhani alianza akiwa mwizi. Alipohamia kwetu alikuwa mtu mnyoofu hata akachosha. Siku moja alikataa ng'ombe mzima wa tajiri mmoja, akaimwagia nyama yote mafuta ya taa na kuichoma mbele ya watu, na tajiri akalia machozi. Watoto walimwita Bwana Kataa. Kanisani alisimamishwa akapigiwa makofi.

Kisha akaja Ekisa, mwenye bucha kubwa kuliko zote. Ekisa hakuleta rushwa, oh, hapana. Alileta salamu. Alipita nyumbani akiwa na maini yaliyofungwa kwa jani la mgomba, akasema kwao mgeni haingii mkono mtupu. Na kwetu, mnajua wenyewe, anayekataa chakula amemtukana aliyekileta. Amondi akapokea, akashukuru, akapika. Kesho yake Ekisa akapita tena.

Mvua za masika zilipoanza, Onyuka akaona kuamka alfajiri kumtazama ng'ombe wa rafiki yake ni kumvunjia heshima. Akawa anaacha muhuri jikoni, juu ya rafu, kando ya kopo la chumvi. Ekisa alikuja mlango wa nyuma, Amondi akampa muhuri, akaenda kugonga mwenyewe, kisha akaurudisha pamoja na maini. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Mwezi ukapita, mwaka ukapita. Bei ya nyama ya Ekisa ikashuka, nasi tukapanga foleni dukani kwake. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Asubuhi moja Ekisa alikuja mapema kuliko kawaida. Gambuti zake za mpira zilikuwa na damu nyeusi, na haikuwa imeganda.

"Mama, mzee ako?"

"Ameenda matanga Matayos. Atarudi baada ya wiki."

"Basi nipe ile kitu nigonge. Niko na haraka. Kuna watu wa Chakol wanangojea nyama ya sherehe."

Amondi alisimama mlangoni, ufagio mkononi. "Mmechinja saa ngapi? Leo sijasikia Bilal akipita."

Bilal ndiye aliyechinjia mabucha yote ya mtaa wetu, ili Mwislamu na Mkristo wale chungu kimoja bila wasiwasi.

Ekisa akacheka, lakini hakumtazama usoni. "Bilal siku hizi anajifanya shehe. Eti hawezi kuchinja ng'ombe imekufa. Nani amesema imekufa? Ilianguka tu kidogo huko karibu na mto, nikaiwahi na kisu. Nyama ni nyama, mama."

Nawauliza, mngefanya nini? Msijibu haraka. Amondi alitazama zile gambuti. Alitazama furushi mkononi mwa Ekisa, safari hii kubwa kuliko siku zote. Aliwaza kwamba akikataa, mumewe atamwuliza tangu lini amekuwa mkaguzi. Akaingia ndani, akautoa muhuri.

Ekisa aliporudisha muhuri na kumwachia lile furushi la nyama, Amondi alilibeba hadi nyuma ya nyumba akalitupa chooni. Aibu yake yote iko hapo. Alijua vya kutosha kuiokoa sufuria yake, lakini hakujua vya kutosha kufungua mdomo.

Sherehe ya Chakol ilikuwa nyumbani kwa Odeke na mkewe Amuron. Wakwe walikuwa wanaleta ng'ombe wa mahari ya binti yao. Amuron aliuza wimbi sokoni kando ya Amondi aliyeuza samaki wadogo wa omena, na walipendana kama watoto wa tumbo moja. Amondi hakuweza kukosa. Alipofika mchana, wazee walikuwa wameuzunguka mtungi wa ajono wakinyonya pombe kwa mirija mirefu, na vijana walikuwa bado wanakatakata nyama juu ya majani ya mgomba.

Amuron alimjia mbio na sahani iliyojaa.

"Dada, leo utakula mpaka ushindwe kutembea! Watu waliniambia nichinje mbuzi wangu, nikakataa. Nimenunua kwa Ekisa. Nimeangalia mwenyewe, iko na stampu ya bwana yako. Sasa mimi naogopa nini?"

Amondi aliishika sahani. Alitaka kusema. Akawaona wakwe waliovaa nguo zao za sikukuu, akamwona Odeke akicheka, akaona jinsi ambavyo watu wote wangegeuka kumtazama.

"Tumbo linaniuma tangu asubuhi, dada yangu," akasema. "Nipe soda tu."

Akakaa hapo akinywa soda, akiwatazama wengine wakila.

Hazikupita siku nyingi ugonjwa ukaingia Chakol. Vijana waliokata nyama walitokwa na vidonda mikononi, vyeusi katikati, na cha ajabu havikuuma. Wengine walishikwa na homa na kutapika. Amuron alifungwa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli akakimbizwa hospitali ya Alupe. Na kwa kuwa hakuna aliyesema ukweli, uongo ulipata nafasi. Ilinong'onwa kwamba nyanya yake bwana arusi ameroga sherehe kwa sababu hakumtaka binti wa Odeke. Kikongwe yule alifukuzwa kwa mawe hadi barabarani. Nyama iliyobaki ilikuwa ingali inakaushwa juu ya mafiga katika nyumba za Chakol, na watu waliendelea kuionja.

Onyuka aliporudi, Amondi alimweleza yote.

"Baba watoto, twende tuseme. Ile ng'ombe ilikuwa imekufa."

Onyuka alikaa kitandani bila kuvua viatu. "Ukisema, nitafungwa. Nyumba hii ni ya serikali, utalala wapi na watoto? Nyamaza. Hospitali iko na dawa, watapona."

"Na wasipopona?"

"Mimi si Mungu, mama."

Mwanamume aliyeteketeza ng'ombe wa tajiri mbele ya watu sasa alikuwa anakwepa macho ya mkewe. Namhurumia hata leo, na hasira nayo haijaniisha.

Amondi alikwenda Alupe kumwona rafiki yake. Alimkuta Amuron amelala ubavu, midomo imekauka, tumbo limevimba. Amuron alipomwona alijaribu kutabasamu.

"Afadhali wewe, dada. Wewe tumbo lilikuuma mapema. Mungu anakupenda."

Kama angemtukana, Amondi angevumilia. Alitoka nje akashika ukuta wa ukumbini, akalia kwa sauti hadi muuguzi mmoja akaja mbio akidhani mgonjwa amekufa.

"Sista, nisikize. Ile nyama haikukaguliwa. Ng'ombe ilikufa yenyewe, damu yake ilikuwa nyeusi. Mimi ndiye nilitoa stampu. Mimi, si yule nyanya wa watu."

Muuguzi hakumkemea. Alimshika mkono akampeleka kwa daktari, na daktari aliposikia habari za damu na vidonda akasema neno moja: kimeta, ugonjwa wa ng'ombe unaoua hata watu. Dawa zikabadilishwa papo hapo. Chifu alituma watu Chakol wapite nyumba kwa nyumba, nyama yote ikachomwa. Kikongwe aliyepigwa mawe alirudishwa kwao, ingawa sijasikia kama kuna aliyemwomba msamaha. Wagonjwa wengine wote walipona.

Amuron alikuwa amechelewa. Alikufa kesho yake, binti yake akiwa amemshika miguu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ekisa alivuka mto akapotelea upande wa Tororo, ng'ambo ya mpaka, bucha ikabaki na kufuli. Onyuka alifungwa na kazi ikaisha. Amondi alihamia chumba cha kupanga na watoto wake, akaendelea kuuza omena. Watu walinunua, kwa maana omena zake zilikuwa nzuri, lakini pesa waliziweka mezani ili wasimguse kiganja. Hata mimi niliona, nikanyamaza.

Chifu akaitisha baraza. Watu walifika wengi, hata wale wa Matayos. Mzee mmoja alisimama akasema tuombe serikali ituletee mkaguzi mwingine, mtu mwema, mcha Mungu. Tukapiga makofi. Ndipo Amondi akainuka nyuma kabisa, kitenge kimefunika nusu ya uso.

"Onyuka alikuwa mtu mwema," akasema. "Nyinyi wenyewe mlimsimamisha kanisani. Mtaleta mwema mwingine, na mtampelekea maini, na bibi yake atayapika. Msitafute mtu mwema. Bomoeni ule ukuta wa machinjio upande wa soko, kila mtu aone. Stampu ikae huko huko, kwa sanduku la kufuli mbili, funguo moja ya mkaguzi na moja ya wamama wa soko. Bei ya kukagua iandikwe ukutani kwa rangi. Bilal asipochinja, stampu isitoke. Na mtu akipeleka kitu kwa nyumba ya mkaguzi, hata kama ni kuku ya Krismasi, tumtaje jina hapa kwa baraza."

Wengine waliguna, eti huyu naye ana mdomo wa kutufundisha. Chifu alimgeukia Odeke, kwa kuwa aliyefiwa ndiye mwenye neno.

Odeke alisimama polepole, kofia mkononi. Hakumtazama Amondi.

"Mwaka mzima nyama ya Ekisa ilikuwa rahisi," akasema. "Nani hapa alikuwa hajui ni kwa nini?"

Mimi nilitazama viatu vyangu, na kando yangu watu walitazama vyao.

"Huyu mama sijamsamehe," Odeke akaendelea, sauti ikikatika. "Labda sitamsamehe. Lakini fanyeni vile amesema."

Ukuta ulibomolewa wiki hiyo hiyo. Odeke ndiye aliyeleta nyundo.

MAFUNZO

Ndugu zangu, rushwa haikuingia kwetu kwa bahasha. Iliingia kwa adabu, ikapokelewa kwa mikono miwili, ikapikwa na vitunguu. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba itatoka kwa mahubiri. Mtu mwema akiachwa peke yake na muhuri, mlango umefungwa, anaharibika, na sisi ndio tunaomharibu kwa zawadi zetu. Kazi ya wote ifanywe mbele ya wote, malipo yake yajulikane na kila mtu, na ufunguo usikae mfuko mmoja.

Na ukijua jambo, sema siku unayolijua, hata kama sauti inatetemeka. Amondi alisema, na watu wengi wako hai kwa sababu hiyo. Alichelewa kwa sahani moja tu, na sahani hiyo ilikuwa ya rafiki yake.

Rahisi ni ghali. Ukikuta nyama imeshuka bei, uliza nani kaichinja. Ukiogopa kuuliza, basi ukiugua usiseme ulidanganywa.