Tanuri Lina Mwenyewe

Sogeeni karibu na moto, wajukuu wangu. Kiogora, zima hiyo redio. Nyamazeni mpaka msikie kuni zikilia, maana ninayemsema leo hapendi kutajwa kwa kelele. Chapati zitaiva tukiongea.

Miaka michache baada ya bendera yetu kupanda, alikuja Runyenjes Mzungu wa Uholanzi, jina lake Hendriki, na binti yake Marike wa miaka sita. Mkewe alikuwa amefia kwao. Akanunua bekari ya mzee Mahfudhi, Mwarabu aliyekuwa anarudi Hadhramauti. Mimi nilikuwa nakanda unga pale.

Siku ya kutia sahihi, Mahfudhi alisimama mbele ya tanuri akasema pole pole, "Bwana, nisije nikakuficha. Tanuri hili lina mwenyewe."

Hendriki, na Kiswahili chake cha kuokoteza, akacheka. "Kuanzia leo mwenyewe ni mimi!"

Mzee akamsogezea karatasi. Akashika kalamu.

Kesho yake mikate ilitoka mizuri, imeumuka vizuri, lakini hainukii.

"Wamuyu," Hendriki akaniita, "una mafua?"

"Sina."

"Na mimi sina."

Ladha nayo ikaisha. Watu walitafuna mikate ile kama karatasi na hakuna aliyerudi kugomba. Hapo ndipo nilipopaswa kuogopa.

Ikafika Julai, ukungu umeziba madirisha mchana kutwa, tukaanza kusikia mtu ndani ya tanuri linalowaka, halii wala haongei, anavuta pumzi tu kama aliyelala vizuri, na kila akivuta kuna kitu kidogo kinatutoka, leo baridi ya sakafu, kesho maumivu ya mgongo, siku nyingine huzuni ya mama yangu niliyekuwa nimemzika mwaka ule ule, mpaka nikawa nasimama pale na donge la unga mkononi nisijue kama naogopa au siogopi.

Mchana mmoja nikamkuta Marike ameweka kiganja kwenye mlango wa chuma wa tanuri. Ngozi ilikuwa inatoa moshi.

Nikamvuta. "Unafanya nini, mtoto?"

"Ananishika mkono," akaninong'oneza.

"Nani?"

"Mwenyewe."

Hakulia. Baba yake alimfunga kitambaa kama mtu anayefunga mkate.

"Wamuyu," akaniambia, sauti kavu, "najua nampenda. Lakini simsikii moyoni."

Nikamleta Wambeti, mganga wa kule chini Mbeere. Alifika mlangoni tu, mkoba hakuutua.

"Huyu hafukuzwi," akasema. "Anamfuata yule anayejiita mwenyewe. Tafuta mwingine aseme hivyo kwa mdomo wake."

"Na mtoto?" Hendriki akauliza.

"Ataachiliwa. Lakini kama moyo wake wote umeshaenda, atakachoachiliwa ni nini? Fanya haraka."

"Na huyo mwingine?"

Wambeti akajifunga leso vizuri, akaenda zake.

Wiki ya tatu akaja Njeru, dereva wa lori, mtu wa mizaha. "Mzungu, niuzie hiyo bekari nikuonyeshe mkate ni nini!"

Karatasi ikawekwa mezani. Hendriki akasema, "Njeru, tanuri lina mwenyewe."

"Lilikuwa naye! Sasa mwenyewe ni mimi. Wamuyu, hebu niite bwana mkubwa!"

Hendriki akaniangalia. Mimi nikaangalia unga. Hakuna aliyemwambia Njeru ameze lile neno.

Kalamu ilipoinuka kwenye karatasi, nje kukapigwa ukemi. Marike alikuwa ameshika kile kiganja kilichoungua wiki tatu nyuma. "Baba, inauma! Inauma!" Hendriki akamkumbatia, akalia mpaka akakaa chini. Wiki ile ile wakarudi kwao.

Njeru aliishi miaka tisa baada ya hapo. Alizika mtoto wake wa kwanza, na kabla udongo haujakauka alikuwa bekari akipanga mikate.

Alipokufa, mkewe Phyllis alirithi mizani na mikebe ya kuokea. Nyaga, ndugu wa Njeru, akarithi ploti, akabomoa tanuri, akapanda kahawa. Mimi nikapewa ule mlango wa chuma, kwa kuwa nilifanya kazi miaka mingi. Nilidhani tanuri likibomolewa yameisha; nikafurahi sana, nikasema, "Asanteni, sasa mwenyewe ni mimi." Ndio huu nachomea chapati.

Haya, zimeiva. Kuleni.

Lakini mbona hakuna hata mmoja wenu aliyesema zinanukia?