Jina Lililofutwa Masara

Byron alianza kulia tena mara tu alipovalishwa meno ya plastiki. Benta alitamani kurusha kiti.

Huyu alikuwa mwigizaji wa tatu ambaye yeye, mteuzi wa waigizaji, alimchagua awe mnyonya damu, katika tamthilia ya runinga waliyokuwa wakiirekodi kwenye shimo la dhahabu lililoachwa huko Masara. Tony alilia hadi akarudi kwao Homa Bay. Wesley alilia akakimbia na joho la watu. Na mwongozaji alikuwa ameshamwambia Benta: huyu naye akishindwa, wewe pia funga virago. Miaka yote ya kuhangaika, ije izamishwe na machozi ya wanaume wazima!

"Byron, kwani shida ni nini?"

"Sijui, madam. Sisikii uchungu yoyote. Kilio inakuja tu yenyewe."

Liz, aliyewapaka waigizaji poda, alimvuta Benta kando. "Wewe si mgeni wa hii mambo," alinong'ona. "Hii ni kilio ya mtoto hajapewa jina."

Benta alijua. Kwao mtoto akikataa kunyamaza, wakubwa humtajia majina ya marehemu wa ukoo. Likitajwa la yule anayetaka kurudi, kilio hukatika, na mama humpa ziwa anyonye. Alijua pia kwamba mwandishi alimpa mnyonya damu huyu maisha ya Ochola, mchimbaji aliyefukiwa humu asitolewe, na kwamba ni yeye Benta aliyefuta jina hilo akaweka la Kizungu, ati watazamaji watalipenda.

"Usitaje," Liz alisema. "Ukitaja, umempea huyo marehemu huyu kijana wa watu."

Lakini hasira hasara. Mwongozaji alikuwa akitazama saa, na Benta alikuwa amechoka kubembeleza.

"Basi wewe ni Ochola!" alifoka. "Ochola! Umeridhika?"

Kilio kikakatika.

Byron akaigiza kuliko alivyowahi kuigiza, na kila alipofungua kinywa harufu ya udongo mbichi ilipanda kutoka shimoni, ikapita taa, ikapita kamera, ikawafikia wasaidizi waliokuwa wakirudi nyuma bila kuambiwa, huku mwongozaji akipiga makofi peke yake na Benta, ambaye kazi yake ilikuwa imepona, akijikuta hawezi kufurahi.

"Vizuri, Byron. Toa meno ukale," Benta alimwambia.

Hakugeuka.

"Byron?"

Benta akasogea hatua moja.

"Ochola?" alinong'ona.

Akageuka upesi, macho makavu, akaanza kumjia.

"Mama," alisema, "nina njaa."