Mbabula Isiyowashwa

Hii ilimupata rafiki yangu Yolande kule Berchem, Ulaya, baridi ya mwaka 1996. Chauffage, mashine ya kupasha nyumba moto, ilikufa. Mujomba yake, tonton Ghislain, akatoa mbabula, jiko yetu ya makala.

“Tuwashe! Kwetu Lubumbashi tulikuwa tunalala nayo.”

“Non, tonton,” Yolande akakatala. “Ba-pompier, wale wazima-moto, walikuja kutuambia kanisani: sumu ya makala inaua watu ndani ya usingizi. Hapa madirisha yote imefungwa. Mukasirike tu, haitawaka.”

Yolande akabeba mbabula tupu, akashuka nayo kwenye cave, chini ya nyumba. Taa ikazimika. Ndani ya giza, karibu na sikio yake, muntu akaanza kupuliza, fuu, fuu, kama anachochea moto.

“Puliza mpaka uchoke!” Yolande akasema. “Kwangu haitawaka.”

Mbabula, bila kaa hata moja, ikamuchoma mikono. Makovu nimeyaona.